Kofia Zilizotupwa Barafuni

Jambo la kwanza aliloliona Verna ni kwamba wanaume wa Caprock hawakuzirusha kofia zao. Walinyoosha mikono juu ya ukuta na kuziachia taratibu, kama mtu anayeweka mayai kapuni.

Hoki ya barafu ilikuwa imefika Texas msimu ule tu. Timu ilishindwa kujaza viti huko kaskazini, mmiliki wake akaihamisha na magongo yake, akaibandika jina jipya: Farasi-Pori. Ikaja na desturi zake. Mchezaji akifunga magoli matatu, watazamaji humtupia kofia, na kofia ikishatupwa haidaiwi. Hilo la mwisho mtangazaji alisahau kulisema.

Basi Leduc, kijana wa Quebec, kule Kanada wanakosema Kifaransa, alipofunga la tatu, kofia zikanyesha. Mechi ilipokwisha, msururu ukajipanga mbele ya dirisha la Verna, mtunza makoti wa uwanja, ambako kofia zilikuwa zimekusanywa.

"Yangu ya kijivu, binti."

"Zote za kijivu, mzee."

"Yangu ina harufu yangu. Nusa."

Verna, kwa haya zake, akainusa.

"Mimi nilimtupia yule Mfaransa, sikumpa!" alifoka mwingine. "Mtu akikupigia makofi, utaondoka na mikono yake?"

Ilibaki kofia moja tu, ya baba yake. Mzee Odell alikuwa mkulima wa pamba, na tangu afiwe na mkewe alikuwa mtu wa kukaa kitini dirishani, hasemi, haendi hata kanisani. Hoki ndiyo iliyomwinua. Kofia yenyewe ilikuwa zawadi ya marehemu mkewe.

"Baba, ichukue basi."

"Iache huko. Nitaipitia Jumamosi."

Jumamosi ikija, anatazama mechi, anamtukana mwamuzi mpaka sauti inakauka, anaondoka kichwa wazi. "Nitaipitia wiki ijayo." Verna alichoka kuipangusa vumbi. Ilimchukua muda kuelewa: mwenye kitu chake mahali ana sababu ya kurudi.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Caprock iliwapa Farasi-Pori viti vitupu. Kabla pamba haijapandwa, timu ikauzwa kwa mji mwingine, magongo yakapakiwa kwenye malori, barafu ikayeyushwa, maji yakamwagwa nje kama ya kuoshea vyombo.

Verna akaibeba kofia hadi nyumbani. Baba alikuwa kitini.

"Nilikwambia uiache huko."

"Hakuna pa kuiacha. Wamehama."

"Watarudi msimu ujao."

"Hawarudi, baba."

"Leduc hawezi kuondoka bila kuaga."

"Leduc hakujui!"

Mzee akaipokea kofia, akaigeuzageuza, kisha akakigeuza kiti kuelekea dirishani. Verna akachukua funguo, akafika mlangoni. Msimu mzima alikuwa akizungumza naye magoli tu, kwa sababu magoli hayaumi. Na sasa hata hayo hayapo. Nje hapakuwa na kitu cha kutazamwa ila shamba kavu, na bado mzee alilikodolea macho kama lina mechi.

Akarudi. Akakishika kiti kwa mikono miwili, akakigeuza kwa kishindo, akamvika baba yake kofia, imekaa upande.

"Mama ameondoka," alisema. "Timu imeondoka. Mimi bado nipo, baba. Nitazame mimi."