Darubini Juu ya Paa la Ploti

Darubini ambayo Jebet alinunua mtumba mjini Nakuru ilikuja ndani ya boksi refu lililofungwa kwa kamba ya katani, bila karatasi ya maelezo. Ndani kulikuwa na bomba jeupe lenye kioo mbele, stendi ya miguu mitatu, darubini ndogo ya kulengea, na lenzi mbili za kuchungulia, moja imeandikwa 25 na nyingine 10.

Kwa miaka kumi na moja Jebet alikuwa akipanga maua ya waridi kwa urefu wa shina katika shamba moja kando ya Ziwa Naivasha. Shule aliacha akiwa kidato cha pili, mama yake alipougua. Lakini hakusahau siku ambayo mwalimu wa fizikia alichora ubaoni duara na vitone vinne pembeni. Akasema hiyo ni sayari ya Jupita na miezi yake, na kwamba mtu yeyote mwenye darubini ndogo anaweza kuiona. Mtu yeyote. Jebet aliondoka darasani akiwa ameamua kwamba naye ni mtu yeyote.

Ijumaa jioni, baada ya kazi, alipandisha darubini kwenye paa la ploti anamoishi, mtaani Karagita, pale wapangaji wanapoanika nguo. Kwa vile alitaka kuona vitu vikubwa, alichagua ile lenzi inayokuza zaidi, ya 10, maana namba ikiwa ndogo ndivyo lenzi inavyokuza zaidi. Akalenga mwezi mchanga uliokuwa upande wa magharibi. Giza tupu. Akasukuma bomba kushoto, akasukuma kulia. Mara kitu cheupe kikapita mbio kama gari, kikapotea. Kila alipogusa stendi, ilitetemeka. Saa nzima ilipita hivyo, shingo ikimuuma.

Aliposhuka, jirani yake Mama Mwaura alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe Jebet, hiyo kitu unachungulia nayo nyumba za watu?"

"Hapana, Mama Mwaura. Naangalia mwezi."

"Mwezi si tunauona wote bila machine?"

Kesho yake asubuhi mzee Muiruri, msimamizi wa ploti, alibisha mlangoni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ameshalalamikiwa na wapangaji watatu.

"Hii ploti nimeisimamia miaka mingi bila fujo," alisema. "Wanasema unachungulia watu wakioga."

Jebet alitaka kulia, lakini akajizuia.

"Mzee, panda kesho jioni uangalie mwenyewe. Nitakuonyesha Jupita na miezi yake minne."

"Na usiponionyesha?"

"Nitairudisha Nakuru."

"Kesho saa moja," Muiruri akasema, akaenda zake.

Jumapili, alipotoka kanisani, Jebet hakula. Alipanda na darubini paani, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza upya, hatua kwa hatua. Jua aliliacha mgongoni. Alijua kuwa mtu akilitazama kwa darubini, hata mara moja, anaweza kupofuka.

Safari hii aliweka lenzi ya 25, ile isiyokuza sana lakini inayoonyesha eneo pana. Akatafuta mlingoti wa simu juu ya kilima cha mbali, akauleta katikati ya darubini kubwa. Kisha akachungulia kwenye ile ndogo ya kulengea. Mlingoti haukuwapo. Ile ndogo ilikuwa inaangalia miti kando kabisa.

"Kumbe!" alisema peke yake. Ijumaa nzima alikuwa amelenga mahali pengine.

Akakaza na kulegeza skrubu ndogo moja moja, mpaka darubini zote mbili zikaona ncha ile ile ya mlingoti. Aligundua pia kwamba picha inageuka, kulia inakuwa kushoto, ndiyo maana kila aliposukuma ilimkimbia. Alifanya mazoezi ya kufuata ng'ombe waliokuwa wakila nyasi mbali, hadi mkono ukazoea. Kuhusu kutetemeka, alifupisha miguu ya stendi, akaning'iniza mfuko wa mawe katikati yake.

Saa moja Muiruri alipanda, na nyuma yake Mama Mwaura na wapangaji wengine wanne. Jebet aliuleta mwezi katikati bila shida, akamwachia Mama Mwaura aanze.

Mama huyo aliinama. "Uko na mashimo," alisema hatimaye. "Kama pale wanachimba mawe." Alitaka kuangalia tena, wenzake wakamvuta.

Kisha Jebet akageuzia darubini ile nyota kubwa nyeupe iliyokuwa juu zaidi, ndiyo Jupita. Akazungusha kirungu kidogo cha pembeni kinachofanya picha iwe wazi, polepole, mpaka nyota ikawa kiduara. Akampisha mzee.

Muiruri aliangalia kwa muda mrefu. "Vitone naviona. Lakini ni vitatu. Ulisema minne."

Jebet aliinama, akahesabu. Kweli, vitatu. Akabadilisha lenzi, akahesabu tena. Vitatu.

Angeweza kumwambia macho yake yamezeeka. Akanyoosha mgongo.

"Ni mitatu, mzee. Mmoja sijui umeenda wapi. Inazunguka, huenda umepita mbele yake au umejificha nyuma. Kesho nitaangalia tena, na kesho kutwa, mpaka niupate."

"Kwa hivyo umeshindwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Hajashindwa," alisema Muiruri. "Hakuna nyumba ya mtu huko juu. Hiyo ndiyo nilikuja kujua."

Jumatatu jioni Jebet alipotoka kazini, alikuta kamba za nguo zimesogezwa upande mmoja wa paa, na Muiruri amekaa kwenye ndoo akingoja. Jebet alifunga darubini kwenye stendi, akalenga, akachungulia. Viwili kushoto. Viwili kulia. Aliangalia mpaka macho yakajaa machozi, akayafuta kwa mkono wa sweta ili aone vizuri.

"Iko yote, mzee," alisema. "Njoo uhesabu."