Kitundu Kwenye Kigae cha Kwanza

Pale maabara walimwita Macho, na halikuwa jina la utani mtupu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuinamia hadubini na kuwataja kwa majina viumbe wa baharini ambao mamia yao hutosha kwenye tone moja la maji. Wale wenye maganda ya kioo aliwatambua upesi, kama mtu anavyovitambua vikombe vya nyumbani kwake. Waliomtoa jasho ni wale wenye mijeledi miwili, mmoja umewazunguka kiunoni na mwingine unaburuzika nyuma, wanaokwenda wakijizungusha kama pia. Hao si mimea wala si wanyama. Wengine huishi kwa jua, wengine hula wenzao, na wapo wafanyao yote mawili. Wengi wao hawana neno. Wachache wana sumu. Chaza akiwanywa yeye hadhuriki, ila anayemla huyo chaza ndiye anayekiona cha mtema kuni.

Jumanne asubuhi Macho aliweka chini ya hadubini maji ya kituo cha saba, kwenye ufuo wanakookota chaza, yaliyokwisha kugeuzwa rangi ya chai kwa iodini ili viumbe wasiharibike. Akawakuta. Wa mviringo, wamevaa vigae vilivyopangana kama sakafu ya bafu. Alihesabu kumi na wanane, akaacha kuhesabu.

Ugumu ulikuwa hapo. Aina mbili za viumbe hao hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja ni mwema, mwenzake ni muuaji. Kitabu cha maabara kilisema: tazama kigae cha kwanza upande wa tumboni, kikiwa na kitundu ukingoni, huyo ni mwema, kisipokuwa nacho, funga ufuo. Kitundu chenyewe huonekana vizuri kwa rangi maalumu na taa ya buluu, na taa ilikuwa imeungua mwezi wa pili sasa. Macho akachukua kijiti alichokigundisha unywele wa kope, akaanza kuwageuza mmojammoja. Wa kwanza alikuwa na kitundu. Wa pili pia. Wa tatu hakuwa nacho, au alikuwa nacho kikafunikwa na taka. Wa nne akamvunjikia.

Akamwita mkuu wa maabara, mama mmoja mpole ambaye barua zilimjia nyingi kuliko usingizi.

"Mimi naona madoa tu," mkuu alisema akiinuka. "Wewe ndiye unayejua. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Siwezi kuapa, Dokta. Tufunge ufuo mpaka tujue."

"Kwa jina gani? Kanuni inataka jina. Mwaka juzi tulifunga wiki tatu kwa kushuku, ikawa si kitu, watu wakaja kutupigia kelele mlangoni hapo. Nikipeleka barua isiyo na jina, jioni imerudi." Akamgusa bega. "Niambie ni mbaya, nami natia sahihi sasa hivi. Ni mbaya?"

Macho aliinamia tena hadubini. Hakuwahi hata siku moja kuandika jina la asichokiona.

"Sijui," akasema.

Fomu ya kwenye kompyuta ilikuwa na orodha ya majina, na chini kabisa neno "haijatambulika". Alilibonyeza hilo. Mashine haikuwa na hukumu ya kisichojulikana, ikakipaka kituo cha saba rangi ya kijani, maana yake salama. Akapiga picha, akamtumia mtaalamu wa ng'ambo aliyekiandika kile kitabu. Jibu lilirudi hapohapo, la mashine: yuko likizo mpaka Alhamisi.

Ndipo akampigia simu mjomba wake. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kituo cha saba. Simu iliita ikakatika. Akapiga tena, na tena. Saa nane kasoro mchana ikapokelewa na mkaza mjomba.

"Mama, leo msile chaza."

"Umechelewa, mwanangu. Mjomba wako amemaliza bakuli zima. Mimi nimeonja wawili tu, tumbo langu halitaki fujo. Jirani naye nimempelekea wake."

"Mpe simu Mjomba."

"Haya, unataka kutunyima na chaza sasa?" Mjomba alikuwa akicheka. "Watamu hao. Ila midomo inanichonyota kama nimelamba betri. Nadhani mdomo umelala kabla ya mwenyewe."

Kiti cha Macho kilianguka nyuma yake. "Mjomba, nenda hospitali. Sasa hivi. Mpitieni na jirani."

Walimpitia. Jirani, mke wa fundi cherehani, alitoka mpaka getini na nguo mbichi begani, akasema yeye anahisi ganzi kidogo tu kwenye ulimi, watangulie, amalize kuanika. Mkaza mjomba alimsihi, lakini dereva wa gari walilokodi alikuwa ameshaona jinsi mikono ya mzee ilivyolegea, akakanyaga mafuta.

Macho alipofika hospitali mjomba alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, hakumzungusha.

"Sumu hii haina dawa. Mwili wenyewe utaitoa. Kazi yetu ni kumpumulia mpaka itoke."

"Basi mwekeeni mashine."

"Tunazo mbili, na zote zina watu."

Wakampa Macho mfuko wa mpira uliounganishwa na bomba lililokwisha kuingizwa kooni mwa mjomba. Muuguzi akamfundisha: bana, achia, hesabu mpaka tano, bana tena. Ukienda mbio unamuumiza, ukizubaa unampoteza. Atampokea mtu kila baada ya nusu saa, akipatikana mtu.

"Na jambo moja," daktari akasema. "Msimlilie kama maiti. Akili yake iko palepale, na anasikia kila kitu."

Macho akabana, akaachia, akahesabu. Kope za mjomba zilikuwa zimebaki nusu, kama mtu anayesinzia darasani. Kwanza alimsemesha mambo ya nyumbani: bomba la jikoni, binamu aliyeahidi kuja. Kisha maneno yakamwishia, likabaki lile moja.

"Nilimwona, Mjomba. Asubuhi nilimwona. Nikaandika sijui."

Mjomba hakuweza kumsamehe, wala kumgombeza, wala kumfumbia macho. Macho akabana tena.

Saa kumi kasoro, kelele zilizuka ukumbini. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimwona fundi cherehani amempakata mkewe, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni mwake. Aliuliza daktari yuko wapi, akamuuliza kila mtu, hata mfagizi. Mkono mmoja wa mkewe uliyumba kila alipogeuka. Daktari alikuja mbio, wakamlaza sakafuni palepale. Macho alitaka kwenda. Kwenda afanye nini, hakujua, lakini miguu ilimwinua.

"Usiache!" muuguzi akampigia kelele.

Akakaa. Bana, achia, moja, mbili. Alisikia yote yaliyotokea ukumbini, mpaka daktari alipotaja saa ya kifo ili iandikwe.

Mjomba alitikisa kidole kesho yake adhuhuri, na kufika Alhamisi alikuwa ameketi, anaomba uji. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza habari za jirani. Mkaza mjomba alitoka nje.

Siku hiyohiyo mtaalamu akajibu. Alizisifu picha. Akaeleza kwa upole kwamba kitabu kile kilikuwa cha zamani. Wale wawili sasa wanahesabiwa kuwa aina moja, na kitundu si hoja, kwani huweza kuwapo kwa mmoja na kukosekana kwa ndugu yake wa damu. Mwenye sumu na asiye nayo hawatengeki kwa kutazamwa. Dawa ni kupima nyama ya chaza. Mashine ya kupimia nyama ya chaza maabara haikuwa nayo. Ufuo ulifungwa Ijumaa, kwa barua ya hospitali.

Wiki iliyofuata fundi cherehani alifika maabara amevaa shati lililopigwa pasi vizuri mno.

"Ni wewe uliyekiona?"

"Ni mimi."

"Nionyeshe."

Macho akamrekebishia hadubini. Fundi aliinama, jicho moja likifumbika lenyewe, kama kwenye tundu la sindano. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kadogo hivi," akasema. "Kanaitwaje?"

Macho alifungua kinywa. Kulikuwa na jina la kitabu, na jina la barua ya mtaalamu, na lile la kwenye kompyuta.

"Hawajakubaliana," akasema.

"Nani?"

"Wanaokajua."

Fundi hakuinua kichwa. Mkono wake uliutafuta ukingo wa meza ukaushika, akaendelea kutazama, na Macho akasimama nyuma yake.