Suke la Mpunga Mbele, Ngano Nyuma

"Mchele ni mchele," Mama Sachie alimwambia mkwewe Kanae, akiendelea kukanda donge la mkate. "Sisi watu wa Niigata, tuliozaliwa kwenye mashamba ya mpunga, tufundishwe mchele na wewe uliyetoka Osaka?"

Kanae aliugeuza mfuko wa unga wa mchele. Mbele palichorwa suke la mpunga. Nyuma, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba umetiwa protini ya ngano ili mkate uumuke. Mwanawe Tsumugi akila ngano, koo humvimba hadi pumzi inakata.

"Mama, hapa nyuma ulipasoma?"

Alitegemea kusikia kwamba mzee hakuona.

"Nilisoma. Kiduchu hicho kitamuua nani? Unga wako wewe unatoa tofali. Mwaka jana wageni wa siku yake ya kuzaliwa walitafuna kwa adabu tu."

"Na mwaka jana mjukuu wako alilala salama. Vua aproni, Mama."

"Jikoni mwa mwanangu? Thubutu."

Kanae alilizoa donge lote akalitupa kwenye pipa la taka. Kisha akapita nyuma ya mama mkwe wake, akafungua kamba ya aproni kwa mkono wake mwenyewe, akajifunga, akaanza kusugua bakuli.