Kola ya Radi

Kola ilikuwa kubwa mno, ikabidi mkufunzi aitoboe tundu jipya kwa msumari. Mbwa aliyevishwa alifanana na marehemu Radi kuanzia masikio hadi mwendo. Maabara ilimtengeneza kutokana na kipande cha ngozi ya Radi, mbwa aliyenusa baruti miaka tisa bila kukosea, akafia mapajani mwa mkufunzi.

"Fotokopi imeamkaje?" aliuliza mtunza mabanda, mama mwenye ulimi usio na breki.

"Anaitwa Radi."

"Haya, mzee. Ila mwenyewe haitiki."

Siku hiyo, mwezi mmoja tangu mbwa avishwe kola, ilikuwa ya mtihani. Mbwa akishindwa angerudishwa maabara, na kikosi chao cha mbwa wa kunusa kingerejea kuchagua watoto wa mbwa wa kawaida na kuwafunza. Mkufunzi alikuwa na hofu tupu. Kumpoteza Radi mara moja kulimtosha.

Mkaguzi alisimama mlangoni mwa ghala na karatasi zake. Masanduku kumi yalikuwa yamepangwa, na mtunza mabanda peke yake ndiye aliyejua lenye baruti. Mbwa alinusa moja moja. Kwenye la sita akasimama, mkia ukakakamaa, akageuka kumtazama mkufunzi.

Mkufunzi akasubiri. Marehemu Radi, kila alipogundua baruti, alikuwa akilala chini, kidevu juu ya miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ishara yake. Mbwa huyu aliendelea kumtazama, kisha akakata tamaa, akaondoka.

"Amekosa," alisema mkufunzi kwa unyonge.

Mtunza mabanda alishindwa kujizuia. "Hajakosa! Amekuonyesha. Mwezi mzima anakuonyesha, mwenzangu. Wewe unamngoja marehemu."

Mkufunzi aliyakumbuka macho yale, mazoezi baada ya mazoezi, na mpira wa zawadi uliobaki mfukoni. Aliona aibu, kama mzazi aliyemnyima mtoto chakula akidhani hana njaa.

"Limebaki jaribio moja," alisema mkaguzi.

Masanduku yakapangwa upya. Mkufunzi alichuchumaa, akamvua mbwa kola. Shingoni, pale penye tundu la msumari, ngozi ilikuwa imechubuka.

"Pole," alimnong'oneza. "Twende."

Kwenye sanduku la tatu mbwa alisimama, akageuka, akamtazama. Radi hakuwahi kumwuliza mtu chochote. Huyu alikuwa anauliza. Mkufunzi akautoa mpira, akaurusha kabla mtunza mabanda hajafungua mdomo.

"Ni kweli, ni hilo!" mama alipiga makofi.

Mkaguzi aliandika, kisha akainua kalamu. "Jina lake?"

Mbwa alikuwa akirudi mbio, mpira mdomoni, shingo wazi.

"Subiri kidogo," alisema mkufunzi. "Ndiyo kwanza tumejuana."