Sauti Niliyomwekea Mwalimu

Mimi kusoma sijui, na sioni aibu kusema. Baba yangu aliniondoa darasa la pili nikachunge mbuzi. Lakini msinione mjinga. Ninajua mtu anayemla mwenzake nyama akiwa hai, na kwa miaka minne nilikuwa ninaliwa kwenye boma langu mwenyewe, hapa kijijini Genkuru.

Aliyekuwa ananila ni Lilian, mke mwenzangu.

Mume wetu ni Mwalimu Nchagwa, mstaafu. Presha ya macho ilimchukua pole pole, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata, mpaka akawa anapapasa ukuta. Mwalimu asiyesoma ni mtu wa kusikitisha, hilo silikatai. Binti yangu Gati, anayefanya kazi Mwanza, akamletea kompyuta ya mitumba ya kubeba kwapani. Alisema imewekwa Linux, mfumo wa bure, na kwamba kompyuta hiyo inamsomea kipofu kila kilichoandikwa kwenye kioo.

Kusoma ilisoma. Lakini sauti yenyewe, Mungu wangu! Kama mtu aliyebanwa pua na mlango. Mwalimu alivumilia siku mbili, ya tatu akasema kichwa kinamgonga. "Lilian," akaita, "njoo unisomee wewe."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Lilian amemaliza kidato cha nne, ana kijisauti laini, anajua kuchapa. Asubuhi anamsomea magazeti, mchana meseji, jioni Biblia. Kila mke hapa ana nyumba yake na zamu yake, lakini zamu yangu ilikuwa imebaki jina. Ninapika, ninatenga, ninasubiri; ugali unapoa. Nikichungulia namwona Mwalimu kwenye kiti cha Lilian, amefumba macho yasiyoona, anatabasamu. Roho iliniuma jamani, iliniuma mpaka nikawa nasikia uchungu mdomoni.

Halafu likaja la kitabu. Mwalimu aliamua kuandika maisha yake. Yeye anasema, Lilian anachapa. Mlango wamefunga, ati watoto wanapiga kelele. Kikiisha kingechapwa Tarime mjini, kila mtoto na mjukuu apewe chake, na walimu wenzake wastaafu pia.

Nilimuuliza Lilian siku moja, "Na mimi nimo?"

Akaangalia chini. "Kikiisha utasikia, dada."

Utasikia! Nilijua hapo hapo. Huyu ananifuta. Mimi niliyeolewa na Mwalimu akiwa na kaptula moja, wajukuu zangu watasoma kana kwamba alizaliwa siku alipomwoa Lilian. Na kitabu ni kitabu. Mtu akishafutwa humo, nani atamrudisha? Nilimvaa siku hiyo hiyo, kule kisimani, nikamwambia yote yaliyokuwa tumboni, majirani wakasimama na ndoo zao kusikiliza. Alinitazama tu, akajitwisha maji akaondoka.

Nikakaa nikafikiri. Kinachompa Lilian kiburi ni nini? Sauti. Kompyuta ikipata sauti nzuri, Lilian ana nini tena?

Alhamisi Lilian alikwenda shambani. Nikaichukua ile kompyuta, nikaitia kwenye kikapu, nikaifunika kwa ndizi, nikapanda bodaboda mpaka Tarime. Kuna binti pale karibu na stendi anaitwa Sheila, fundi wa kompyuta, Mjaluo wa Sirari, ana ndugu hadi ng'ambo Kenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka uitoe sauti hii uweke nyingine."

Akaiwasha, ile pua iliyobanwa ikaanza kulalamika, Sheila akacheka mpaka akashika meza. "Aki mama, hii ni ile ya zamani. Siku hizi kuna Piper, hiyo inasoma kama mtu. Tena haihitaji intaneti ukishaiweka. Wacha nikushushie ya Kiswahili."

"Ya mwanaume," nikasema.

"Kwani?"

"Wewe weka ya mwanaume. Mke mwenza ninaye mmoja. Wa pili sitamleta kwa mkono wangu."

Hapo alicheka tena, lakini akafanya. Aliandika mistari kwenye kioo cheusi, akasubiri, akaandika tena. Mara kompyuta ikanyamaza kabisa, hata ile pua haikusikika, nikadhani ameiua. Akaizima, akaiwasha. Ikaongea! Lakini ilisoma Kiswahili kama Mzungu aliyefika jana. "Lugha bado iko kwa Kiingereza," akasema, akabonyeza mahali. Akauliza kama Mwalimu anapenda isome haraka au pole pole. Nikasema pole pole, huyo ni mtu mzima.

"Sasa tuijaribu. Nifungue nini?"

"Kuna kitabu cha Mwalimu humo. Fungua hicho."

Ikasoma. Sauti ya mwanaume mtulivu, mwenye pumzi, anayetua penye kutua. Ukaja utoto wa Mwalimu, ng'ombe wa baba yake, shule ya kwanza aliyosoma. Nilisikiliza nimeshika kikapu kwa mikono miwili. Kisha ikasema: "Mwaka huo nikaoa." Ikaendelea na habari za mvua.

"Simamisha!" nikapiga kelele, wateja wakageuka.

Nikaoa. Basi! Neno moja. Kaoa nani, mti? Sina jina? Sina baba? Sheila aliuliza kama aendelee, nikamkatalia. Sikutaka kusikia mengine peke yangu kwenye kibanda cha watu. Nilitaka yasikike hadharani, Lilian akiwa amekaa, watu wamemkodolea macho. Sheila akaizima ile sauti, akanionyesha kitufe cha kuiwashia; nikamlipa, nikarudisha kompyuta mahali pake kabla Lilian hajatoka shamba.

Jumapili baada ya kanisa nilimwita shemeji yangu Wangwe, mdogo wake Mwalimu, aje kwangu kula. Nikaita na jirani zangu wawili wa kisimani. Nikaweka kompyuta mezani kwangu, nyumbani kwangu, nikamwambia Mwalimu nina zawadi yake.

Iliposoma sentensi ya kwanza Mwalimu aliinua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni kompyuta yako. Mimi ndiye nimeipeleka ikawekwa sauti."

"Wewe, Waisiko?" Akaipapasa ile kompyuta kwenye kingo kama mtu anayempapasa ndama mgeni. Machozi yalimlenga. Nikamkata Lilian jicho. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono inasugua nguo.

"Sasa isome kitabu," nikasema. "Sote tusikie. Shemeji asikie."

"Dada," Lilian akasema haraka, "kitabu bado hakijakaa sawa. Tusome kitu kingine. Au tuishie sura ya tatu."

Nyie! Nilisikia raha hiyo, raha mbaya, nikiri tu. Amenaswa. "Kwani sura ya nne ina nini?" nikauliza. "Kaa chini usikilize ulichoandika."

Akakifungua kitabu, akakaa.

Ikasoma moja, mbili, tatu. Wangwe alicheka penye utundu wao wa utotoni, akasema, "Kweli mura, kaka yangu, tulichapwa siku ile!" Ikafika pale pa "mwaka huo nikaoa," nikakohoa kwa nguvu, hakuna aliyeshtuka. Ikaingia sura ya nne.

"Nilikwenda chuo cha ualimu. Baba hakuwa na uwezo. Nilijisomesha kwa jasho langu mwenyewe."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Ile sauti ikavuta pumzi, ikaendelea, pole pole, kama nilivyoiagiza mwenyewe:

"Mke wangu mkubwa, Waisiko, husema hivi. Wewe umemkuta Mwalimu ameshaiva. Mimi ndiye niliyeuza mtamba wangu aliyekaribia kuzaa, niliyepewa na kaka yangu Steven, ili huyu mwanaume akasome. Nilimswaga mwenyewe hadi mnadani, Gati mgongoni, nikarudi na kamba mkononi. Mwaka mzima sikuonja maziwa, na mtoto wangu hakuonja."

Kijiko kilinianguka.

Hayo yalikuwa maneno yangu. Yale ya kisimani, neno kwa neno, niliyomrushia Lilian mate yakinitoka. Sasa yanasomwa kwa sauti ya mwanaume mpole, bila hasira hata chembe, na yalikuwa ya kweli kuliko nilipoyapigia kelele. Jirani zangu wakatazamana.

"Simamisha," Mwalimu akasema. "Hayo sikuyasema mimi."

Lilian akasimamisha. "Nimeongeza mimi, Mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuna. Nilichapa 'kwa jasho langu mwenyewe' kama ulivyosema, nikashindwa kulala. Na kule juu ulisema 'nikaoa,' nikakuuliza nani, ukasema tuendelee."

Kwa hiyo si yeye. Nililiona hilo likinijia na sikulitaka. Miaka minne nimemchukia mtu, na aliyenifuta ni yule niliyekuwa namgombania.

"Futa," Mwalimu akasema.

Lilian hakunyanyua mkono. Wangwe alitazama dari. Mwalimu akaivuta kompyuta mwenyewe. Kuchapa anajua tangu kazini, vidole havijasahau. Akashuka mstari kwa mstari akitafuta mahali pa kufuta, na kompyuta ikamsomea kila alipofika. "Nilijisomesha kwa jasho langu mwenyewe." Akashuka tena. "Mke wangu mkubwa, Waisiko." Kidole kikabaki hewani. Akarudi juu, ikamsomea jasho. Akashuka, ikamsomea mimi. Hivyo mara tatu, na sisi sote tunasikia.

Mwishowe akauliza, bila kunigeukia, "Huyo mtamba alikuwa wa rangi gani?"

Miaka zaidi ya thelathini, leo ndiyo anauliza! "Kaliulize jasho lako," nikamwambia.

Uso wa Mwalimu ulikuwa umeshuka. Lilian ndiye aliyesogea, akakaa karibu nami kwenye benchi, akaivuta kompyuta mbele yetu. "Dada, sema wewe. Mimi nitachapa."

Msidhani wivu uliniisha. Uliongezeka. Hata jina langu ndani ya kitabu cha mume wangu nimepewa na mke mwenza, na mikono ya kuliandika ni yake, na moyo wa kulikumbuka ulikuwa wake. Ningeweza kunyanyuka nikatoka. Lakini nilimwona yule mtamba.

"Mwekundu," nikasema. "Baka jeupe kwenye paji. Alikuwa ananifuata hadi mlangoni."

Vidole vya Lilian vikatembea. Kisha akabonyeza, na ile sauti niliyomwekea Mwalimu ikasoma: "Mwekundu. Baka jeupe kwenye paji. Alikuwa ananifuata hadi mlangoni."

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Irudie," nikasema.

Ikarudia.

"Tena."