Majongoo Waliotupa Matumbo

Lei Tugen alifunua kreti la kwanza, moyo ukamshuka. Majongoo bahari aliowaagiza kaskazini walikuwa wamelala wamelegea baada ya siku mbili ndani ya lori, na chini yao palikuwa na nyuzinyuzi za rangi ya chungwa, telezi. Matumbo. Alifunua kreti la pili, la tatu, la kumi. Karibu nusu ya majongoo walikuwa wameyatupa.

"Nimekwisha," alimwambia mkewe, Meizhu.

Miaka kumi na mitano alikuwa amefuga samaki kwenye vizimba vyake vinavyoelea katika ghuba ya Xiapu. Samaki ana macho. Ukija na chakula anakujia. Hawa hata kichwa chao kiko upande gani ilibidi aulize.

"Tuwachemshe leo leo, tuwakaushe," alisema Meizhu. "Kesho watakuwa uji."

"Nani anachemsha?" Aliyeuliza alikuwa Fundi Qu, mama wa miaka sitini aliyekuja na lori lile. Alikuwa amezalisha majongoo huko Dalian maisha yake yote, na alikuja kukaa nao mpaka msimu wa baridi uishe. "Hawa wazima. Jongoo akibanwa, akakosa hewa, hutupa matumbo kama mtu anayekimbia nyumba inayoungua. Roho kwanza, vyombo baadaye. Ataota mengine."

"Fundi, mimi sijaona mnyama wa kuota utumbo."

"Hujaona kwa sababu hujamtazama. Nipe siku ishirini na tano. Na usiwalishe mpaka niseme."

"Sasa wanapumuaje, na ndani hamna kitu?"

"Kwa ngozi. Wakipona watapumua kama kawaida yao, kwa nyuma."

"Kwa nyuma!" Meizhu alishika mbavu. "Kama kaka yangu akila maharage!"

Wakawashusha majini. Tugen alijizuia kuwalisha siku tano. Siku ya sita, Fundi Qu akiwa amekwenda sokoni, huruma ilimshinda. Akamwaga mwani uliosagwa kwenye vizimba viwili. Keshokutwa yake maji yalinuka.

"We mdogo wangu!" Fundi Qu alifoka. "Mgonjwa hana tumbo, unampikia karamu?"

Walivivuta vizimba vile wakavisafisha mpaka mikono ikafa ganzi. Tugen alikuwa akiwatoa majongoo mmoja mmoja, na kila mmoja alikakamaa kiganjani kama mpira wa gari, kisha taratibu akalainika tena, kana kwamba ameamua kumwamini. Hapo ndipo alipoanza kuwatazama kweli.

Siku ya kumi na mbili Fundi Qu alimpasua mmoja kwa wembe. Ndani palikuwa na uzi mweupe, mwembamba kuliko wa kushonea, ukitokea mdomoni. Mwingine ulitokea nyuma. Nyuzi hizo mbili zilikuwa zinatafutana, kama wachimbaji wa handaki walioanza pande mbili za mlima.

Tugen aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Nani anawaonyesha njia?"

"Miaka thelathini na minane nimewauliza," alijibu Fundi Qu. "Hawajaniambia."

Siku ya ishirini na tatu aliruhusu mwani kidogo, kiganja kwa kila kizimba. Siku tatu baadaye Tugen alivuta kizimba cha kwanza, akaona sakafuni vijikamba vya kijani kibichi, vimekatikakatika. Alivishika kwa vidole, akavinusa, kisha akapiga kelele ghuba nzima ikasikia.

"Wamekunya! Fundi, wamekunya!"

Jirani mwenye vizimba vya pembeni alisimamisha mashua. "Hongera, baba! Wa kiume au wa kike?"

Fundi Qu alicheka mpaka akakaa chini.

Vile vizimba viwili Tugen alivyovilisha kwa pupa vilipoteza nusu ya majongoo wake, naye aliwahesabu waliokufa bila kumlaumu mtu. Waliosalia walinenepa. Mchana, badala ya kupumzika, alilala kifudifudi juu ya mbao akiwatazama wakila: mnyiri mmoja mmoja, ule mkono laini wa mdomoni, unashika chembe ya mwani, unaingia mdomoni, unalambwa, unatoka safi, bila haraka na bila kugombana.

"Wali unapoa!" Meizhu aliita kutoka kibandani.

"Kuleni tu."

"Utakuja kuota minyiri wewe!"

Mwezi Machi, kabla maji hayajapata joto wasilolivumilia, waliwavuna wakubwa na wazito. Asubuhi ya Fundi Qu kurudi kaskazini, Tugen alimbebea mkoba mpaka kituoni, na njia nzima alikuwa akimuuliza juu ya macho: kama hawana, wanajuaje kivuli kinapopita?