Fisi Kwenye Kigoda cha Hakimu

Mwalimu Fabiani alikuwa ameomba ufunguo wa kabati la vitabu mpaka ulimi ukamkauka. Vitabu vyenyewe vilikuja Mpanda kwa treni, ndani ya sanduku la mbao, vizuri, vyenye picha. Tangu siku hiyo Mwalimu Mkuu Apolinari alivifungia kama mtu anayefungia kuku kwa kuogopa kicheche.

"Watoto hawa wanatoka shambani na mikono ya udongo," alisema. "Kitabu kikichafuka, mkaguzi ataniuliza mimi, si wewe."

"Na kisiposomwa, hatauliza?"

"Hajawahi kuuliza."

Walisumbuana hivyo muhula mzima, mwisho Fabiani akapewa saa moja ya Ijumaa, saa ambayo zamani ilikuwa ya shamba la karanga. Basi watoto wa darasa la tatu pale shuleni Shanwe, waliozoea kuimba silabi huku wanasinzia, wakaanza kugombania kurasa. Hadithi waliyoipenda kuliko zote ni ya fisi aliyewaapia wanyama kwamba ameacha nyama. Wanyama wakamwamini, wakamkalisha kwenye kigoda cha hakimu. Waliisoma, wakairudia, wakabishana juu yake njiani kwenda kuchota maji.

Fabiani akaona waiigize Siku ya Wazazi. Mwalimu Mkuu alikubali, ila kwa sharti. "Wazazi wakifurahi, saa yako inabaki. Wasipofurahi, Ijumaa ni karanga."

Taabu ilianzia kwa fisi. Mtoto wa kwanza aliyepewa sehemu hiyo hakuonekana shuleni kesho yake. Wa pili, mama yake alituma habari kwamba ana mafua, na mafua hayo yalipona mara tu sehemu ilipopewa mwingine. Wa tatu alikuwa Ubaldo, msomaji hodari. Huyo alikuja akiwa ameshikwa mkono na babu yake, Mzee Melkior, mfuga nyuki wa kabila la Wakonongo ambaye watu wa mtaa hawakufanya jambo bila kumsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia umempa mjukuu wangu ufisi."

"Ni mchezo tu, mzee. Umo kitabuni."

"Kitabu unakifungia kabatini, unakwenda kulala. Sisi tunalala na fisi nje ya ua. Unajua usiku fisi anapandwa na wachawi gani?"

Ubaldo alitaka kucheka. Babu yake akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mpe usungura," mzee alisema.

"Sungura ameshapatikana."

"Basi mpe umti. Asimame tu."

Fabiani alimeza hasira yake nzima kama ilivyo. Alikuwa amesoma chuoni miaka kadhaa ajifunze namna ya kumfanya mtoto apende kitabu, na hakuna aliyemfundisha la kufanya na babu wa mtoto. Akamgeuza fisi kuwa mbweha. Mzee Melkior akaridhika, na Ubaldo akapewa umbweha.

Siku ya Wazazi watu walijaa. Ubaldo aliapa kwamba ameacha nyama, wazazi wakacheka mpaka Mwalimu Mkuu naye akaonyesha meno. Wanyama wakamkalisha kwenye kigoda. Sungura akatangaza, "Tangu leo hakimu wetu ni Mbweha."

Generosa, msichana wa benchi la mbele asiyekuwa na sehemu yoyote mchezoni, akasimama. "Si mbweha. Kitabuni ni fisi."

"Kaa chini," Fabiani alimnong'oneza.

"Lakini Mwalimu, wewe mwenyewe ulisema tusibadilishe maneno ya kitabu."

"Ni fisi," wenzake wakaitikia, benchi moja hadi jingine. Ubaldo, aliyekuwa akiona haya kudanganya watu tangu mwanzo, akanyanyuka nusu. "Kweli, ni fisi," alisema, akaketi tena, akalia kilio cha fisi, tena kwa ustadi kupita kiasi.

Akina mama wakainuka na watoto wao migongoni. Mzee Melkior alimvuta mjukuu wake kutoka kigodani. Punde ua wa shule ukabaki na mabenchi tu.

"Karanga," alisema Mwalimu Mkuu, akaenda zake.

Fabiani alikasirika na wazazi, akakasirika na Apolinari, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza kumkasirikia Generosa. Mtoto amekipenda kitabu hata akakitetea mbele ya wakubwa, na kwa sababu hiyo hiyo kitabu kimefungiwa. Ijumaa iliyofuata alisimama kwenye matuta akiwatazama wasomaji wake wakipalilia.

Wiki haikupita, mbuzi wa jirani akaliwa na fisi. Mzee Melkior akaja shuleni na wazee wenzake.

"Mwalimu, mmemwacha fisi kitini," alisema. "Hadithi ya fisi haiachwi katikati. Mshusheni."

"Mlioondoka ni nyie, mzee. Na mwisho Ubaldo anaujua, angekwambia nyumbani."

"Ameniambia. Ya mdomo ni ya mdomo. Mlimkalisha kwa kitabu, mtamshusha kwa kitabu."

Fabiani alikuwa amewabembeleza watu hawa kwa mapenzi ya kusoma, na sasa wanakuja kwa woga wa fisi. Hata hivyo akawapeleka kwa Mwalimu Mkuu.

"Mimi siendeshi shule kwa ushirikina," Apolinari alisema.

"Vema," alijibu Mzee Melkior. "Na sisi hatutaleta watoto mahali penye fisi. Mkaguzi akija utamfundishia mabenchi."

Kabati likafunguliwa.

Ubaldo alisimama mbele ya darasa, wazee wamebanana kwenye mabenchi madogo, magoti yamewafika kidevuni. Akasoma jinsi mbuzi alivyoleta shauri la mwanawe aliyepotea, jinsi mfupa ulivyoonekana chini ya kigoda, na jinsi wanyama walivyomfukuza fisi mpaka ng'ambo ya mto. Wazee wakashusha pumzi. Mzee Melkior alishukuru kwa heshima, akachukua fimbo yake. Hakukitazama kitabu hata mara moja. Apolinari alishanyoosha mkono akichukue.

"Ubaldo," Fabiani alisema haraka, "fungua ukurasa unaofuata. Soma kidogo."

Ubaldo akasoma. Mtoto wa kiboko ameshuka kunywa maji peke yake. Mamba amemwona. Mamba amemshika mguu.

"Inatosha," Fabiani alisema. "Funga kitabu."

Mzee Melkior alikuwa amefika mlangoni. Akageuka polepole.

"Inatosha vipi? Mtoto wa watu yuko mdomoni mwa mamba."

"Saa imekwisha, mzee. Zamani tungemaliza Ijumaa, lakini Ijumaa siku hizi ni ya karanga."

"Karanga za nani?"

"Mwulize Mwalimu Mkuu," Fabiani alisema. "Huyo hapo."

Wazee wakarudi kwenye mabenchi madogo, mmoja mmoja, wakaketi.